Kikao cha Zaria: Kikundi Kidogo Kilichojua Kuanza na Kumaliza

Tarehe 9 Oktoba 1958, wanafunzi wachache wa sanaa katika mji wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliunda chama. Hakikuwa chama cha kugombea uongozi wa wanafunzi, wala cha kudai chakula kizuri bwenini. Kilikuwa chama cha mazungumzo. Walikiita Chama cha Sanaa, basi, jina lisilo na mbwembwe. Hakikuwa na jengo wala mfadhili. Kilikuwa na dazeni moja hivi ya watu, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, na kilikuwa na swali moja lililowakera: mtu anayefundishwa kuchora kwa macho ya Ulaya, akirudi kwao atachora nini, na atamchorea nani?

Chama hicho hakikufikisha miaka mitatu. Wenyewe walikivunja tarehe 16 Juni 1961. Lakini ukifuatilia historia ya sanaa ya Afrika katika karne ya 20, utakuta nyuzi nyingi zinarudi kwenye vikao vile. Uzi mmoja ulifika mpaka Nairobi, ukachukua majina ya Kiswahili. Nataka kuufuata uzi huo polepole, kwa sababu leo wasanii wanapotaka kuanzisha kikundi, maneno ya kwanza huwa ni mfadhili yuko wapi na ukumbi ni wa nani. Vijana wa Zaria walianza na swali, na kila nikiisoma habari yao naona kwamba hapo ndipo palipokuwa na nguvu yao.

Ugomvi waliourithi

Swali lile halikuzuka Zaria. Lilikuwa limekaa Nigeria kwa nusu karne likisubiri watu wa kuliuliza sawasawa.

Mwanzoni mwa karne, kijana mmoja wa Kiyoruba, Aina Onabolu, alijifundisha mwenyewe kuchora picha za watu kwa namna ya Ulaya. Mwaka 1906 alikuwa tayari anachora picha za waheshimiwa wa Lagos, na mwaka 1920 akaenda London kusoma. Aliporudi aliwasumbua wakubwa wa elimu mpaka wakakubali kuwa sanaa ifundishwe shuleni. Onabolu alikuwa na sababu nzito. Katika zama zile Wazungu wengi walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kuchora uso wa mtu ukafanana na mwenyewe, wala hawezi kuonyesha umbali katika picha. Kila picha yake ilikuwa jibu kwa tusi hilo.

Mwaka 1927 akaletwa mwalimu Mwingereza, Kenneth Murray. Hapo mambo yakageuka kwa namna ambayo mtu asingetarajia. Murray hakupenda wanafunzi waige Ulaya. Aliwahimiza wachore maisha ya vijijini kwao, wauheshimu ufinyanzi na uchongaji wa wazee wao. Alikuwa ameona vitu vizuri vikidharauliwa na kupotea, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuvikusanya na kuvihifadhi.

Kwa hiyo Mwafrika alikuwa anapigania mbinu za Ulaya, na Mwingereza anapigania ufundi wa kijijini. Kila mmoja alikuwa na haki upande wake. Onabolu alijua kwamba anayenyimwa mbinu ataitwa duni daima. Murray alijua kwamba cha kwao kikiachwa hakirudi. Waliobaki bila neno walikuwa wanafunzi wenyewe. Hakuna aliyewauliza wao wangechagua nini, na kwa nini.

Mji ulio mbali na nyumbani

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha Chuo cha Sanaa, Sayansi na Teknolojia cha Nigeria, chenye matawi Ibadan, Enugu na Zaria. Mafunzo ya sanaa yalianzia Ibadan, kisha mwaka 1955 yakahamishiwa Zaria, mji wa kale wa Wahausa. Walimu wengi walikuwa Waingereza, na mtaala ulifuata vyuo vya Uingereza: kuchora mwili wa mtu aliyekaa mbele yako, kuchora vitu vilivyopangwa mezani, na historia ya sanaa iliyoanzia Ugiriki na Roma ikaishia Paris.

Wanafunzi wengi walitoka kusini, safari ndefu ya treni. Nadhani umbali huo ulisaidia. Mtu akiwa kwao haulizi kwao ni nini. Akiwekwa katika mji wenye lugha nyingine, mavazi mengine na adhana asubuhi, huku darasani anachora sanamu za Kigiriki, ndipo anaanza kukumbuka milango iliyochongwa ya kwa babu yake na kujiuliza kwa nini haimo katika somo.

Walioanzisha chama walitoka pembe tofauti za nchi. Uche Okeke, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa Mwigbo wa Nimo aliyelelewa kaskazini, na kwa hiyo tangu utotoni alikuwa anaijua kwao kwa simulizi zaidi kuliko kwa kuiona. Demas Nwoko alikuwa mtoto wa mtawala wa Idumuje-Ugboko, aliyekua akiona majengo yakijengwa kwa udongo na mbao. Bruce Onobrakpeya alikuwa Mwurhobo aliyekulia Benin, mji wa shaba na wahunzi. Yusuf Grillo alikuwa Myoruba na Mwislamu wa Lagos. Walikuwapo pia Simon Okeke, Jimo Akolo, Oseloka Osadebe, Emmanuel Odita na wengine, na mwanamke mmoja, Ikpomwosa Omagie.

Kitu kimoja kwenye orodha hiyo kinafaa kutazamwa vizuri. Hawakuwa watu wa kabila moja, wala dini moja, wala mtindo mmoja wa kuchora. Ukiziweka leo picha za Grillo, zenye samawati nzito na watu warefu, kando ya michoro ya Okeke yenye mistari inayojizungusha kama mmea unaotambaa, huwezi kusema ni watu wa darasa moja. Kilichowakusanya ni lile swali tu. Kikundi kinachokusanywa na mtindo hugeuka kiwanda cha kuigana. Hiki kilikusanywa na jambo ambalo hakuna kati yao aliyekuwa na jibu lake.

Kilichofanyika kikaoni

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Mwanachama aliandaa mada, akaiwasilisha, wenzake wakaijadili. Walitazamana kazi na kuambiana ukweli. Pia kila mmoja alikuwa na jukumu la kwenda kuchunguza cha kwao: ngano, nakshi, sanamu, majina ya miungu na sababu za majina hayo, kisha arudi awape wenzake.

Hilo la mwisho ndilo lililokifanya kikao kiwe kikao. Watu wote tunajua gumzo la kijiweni: jioni inapita vizuri, kahawa inakwisha, kila mmoja ametoa lake la moyoni, na kesho mazungumzo yanaanzia palepale yalipoanzia jana. Zaria mtu hakuruhusiwa kuja na moyo mtupu wenye maneno mengi. Ilimbidi aje na kitu alichokitafuta. Mwigbo alimsikiliza Myoruba akieleza mambo ambayo yeye hakuwahi kuyasikia, na katika kueleza Myoruba naye aligundua kwamba hayajui vizuri kama alivyodhani, akaenda kuuliza zaidi. Okeke alikusanya ngano za Kiigbo, na kutoka humo vikatoka viumbe vya ajabu vilivyojaa katika michoro yake ya miaka ile.

Masomo hawakuyaacha. Watu walikuja kuwaita Waasi wa Zaria, na jina hilo limewaganda, lakini uasi wao haukuwa wa kuvunja madirisha. Mchana walichora walichotakiwa kuchora ili wafaulu mitihani, na muda uliobaki walifanya kazi yao wenyewe. Walijifunza mafuta, kalamu na uchapaji kama walivyofundishwa, kwa sababu walitaka kuvitumia. Walichokataa ni kufundishwa pia nini cha kupenda.

Wakati wakizungumza, nchi yao ilikuwa inaelekea uhuru. Bendera ya Nigeria ilipandishwa tarehe 1 Oktoba 1960. Katika maonyesho makubwa ya taifa yaliyofanyika Lagos kusherehekea siku hizo, Okeke na Nwoko walipewa kuta za kuchora, wakiwa bado wanafunzi. Mwezi huohuo Okeke aliyaweka kwenye karatasi mawazo ya vikao vyao katika tamko fupi. Wazo lake kuu kwa Kiswahili tungeliita muungano wa asili. Kwa maneno yangu mwenyewe, alikuwa anasema hivi: nchi mpya inahitaji sanaa mpya, na sanaa hiyo haitapatikana kwa kuiga Ulaya wala kwa kuwaiga mababu. Mababu nao walifanya kazi ya zama zao. Msanii wa leo ayapime ya kale na ya kigeni, achague kwa akili yake yanayomfaa, ayaunganishe mpaka yawe kitu kimoja kilicho hai.

Yaani Onabolu na Murray hatimaye walikalishwa meza moja. Wanafunzi waliokuwa wakichaguliwa cha kufuata sasa ndio wanaochagua.

Siku ya kufunga

Kufikia katikati ya mwaka 1961 viongozi wa chama walikuwa wanamaliza masomo. Wangeweza kukigeuza kiwe chama cha wahitimu, wakatengeneza mihuri, wakagombea uenyekiti. Badala yake tarehe 16 Juni walikifunga. Kazi waliyokusudia kuifanya pamoja walikuwa wameifanya. Iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, mbele ya turubai yake.

Hesabu siku kutoka ile ya kwanza mpaka ya mwisho: ni siku 981.

Mwezi uliofuata, Julai 1961, kilomita mamia kusini, klabu ya waandishi na wasanii ilifunguliwa mjini Ibadan, karibu na soko, mahali palipokuwa mkahawa wa Walebanoni. Waliohusika ni watu ambao majina yao tunayajua sote: Wole Soyinka, Chinua Achebe, Christopher Okigbo, J. P. Clark, Mjerumani Ulli Beier aliyekuwa mhariri wa jarida la Black Orpheus, na Ezekiel Mphahlele, mwandishi aliyekimbia ubaguzi Afrika Kusini. Maonyesho ya kwanza ya picha katika ua wa klabu hiyo yalikuwa ya Uche Okeke na Demas Nwoko. Mazungumzo yalikuwa yamehama nyumba tu.

Jina la klabu lilipendekezwa na Achebe: Mbari. Hapa inabidi tusimame kidogo.

Waigbo wa upande wa Owerri walikuwa na desturi ya kumjengea Ala, mungu wa ardhi, nyumba inayoitwa mbari. Kijiji kilipoona dalili kwamba inatakiwa, watu walichaguliwa, wakatengwa na shughuli za kila siku, wakaishi na kufanya kazi pamoja kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, chini ya mafundi. Walifinyanga udongo mpaka nyumba ikajaa sanamu: Ala mwenyewe na watoto wake, wanyama, wapendanao, mzazi anayejifungua, hata afisa wa kikoloni aliyebebwa kwa machela. Kila kilichokuwapo duniani kilipewa nafasi. Siku ya kufungua, watu wote walikuja kutazama. Baada ya hapo nyumba iliachwa. Haikupakwa rangi tena wala kuezekwa upya. Mvua iliila, sanamu zikarudi udongo, mpaka kizazi kingine kilipoitwa kujenga yake.

Achebe aliichagua desturi hiyo iwe jina la klabu ya watu waliosoma vyuo vikuu, na alichagua vizuri. Katika mbari thamani kubwa iko katika kufanya pamoja. Ukuta unaweza kuanguka. Mikono iliyojifunza kufinyanga haisahau.

Pesa na kiti kilichokuwa wazi

Klabu ya Mbari ilifanya makubwa. Ilichapisha vitabu vya kwanza vya washairi na watunzi wachanga. Mwaka 1962 ilionyesha kazi za Jacob Lawrence, Mmarekani Mweusi, na za Malangatana wa Msumbiji, aliyekuwa kijana bado. Mwaka uliofuata ilimleta Mholanzi Ru van Rossem kufundisha uchapaji wa picha, na katika warsha zile Onobrakpeya akapata chombo chake cha maisha. Matawi yakachipuka Osogbo na Enugu. Osogbo watu walilisikia neno hilo la Kiigbo kwa masikio ya Kiyoruba, wakalifanya Mbari Mbayo, lenye maana ya kitu ambacho tukikiona tutafurahi.

Lakini klabu, tofauti na chama cha Zaria, iliishi kwa ruzuku. Fungu kubwa lilitoka kwa shirika lililokuwa na makao Paris, lililojitangaza kuwa linatetea uhuru wa utamaduni. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba nyuma ya shirika hilo zilikuwapo fedha za shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA. Waandishi na wachoraji wengi waliofaidika hawakuwa na habari. Vitabu vilivyochapwa ni vizuri vilevile, na picha hazikubadilika rangi. Hata hivyo walipata uchungu wa kujua kwamba katika meza yao ya mazungumzo kulikuwa na msikilizaji ambaye hawakumwalika.

Jambo la pili linatuhusu zaidi sisi tunaosoma Kiswahili. Juni 1962, shirika hilohilo likishirikiana na Mbari na Makerere lilikusanya waandishi wa Afrika mjini Kampala. Achebe, Soyinka, Okigbo na Mphahlele walikuwapo, na kijana aliyeitwa wakati ule James Ngugi alimpa Achebe mswada wake ausome. Ulikuwa mkutano mkubwa, na wengi waliouhudhuria walikuja kuwa nguzo. Lakini uliitishwa kwa waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika kwa Kiswahili mashairi, insha na riwaya nyingi kuliko karibu wote waliokuwa ukumbini, hakuwa na kiti huko. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuuliza baadaye imekuwaje. Na mwezi uleule wa mkutano, Shaaban Robert alifariki dunia.

Silitaji hili kwa kulaumu. Nalitaja kwa sababu kila kikundi cha mazungumzo, hata cha watu sita, kina mlango, na mlango huo hufungwa na jambo dogo ambalo waliomo ndani hawalioni: lugha ya kikao, saa ya kukutana, nauli ya kufikia. Vijana wa Zaria walikutanisha makabila mengi, na bado mwanamke alikuwa mmoja.

Uzi unafika Nairobi

Mphahlele alikuja Nairobi mwaka 1963, kuanzisha kituo cha utamaduni kwa mfano wa Mbari. Hakulichukua jina la Kiigbo. Alichagua neno la wenyeji: Chemchemi. Pale waandishi wachanga walikutana kusomeana kazi, waigizaji wakafanya mazoezi, na sehemu ya uchoraji akakabidhiwa Elimo Njau.

Njau alizaliwa mwaka 1932 Marangu, chini ya Kilimanjaro, akasoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Mwaka 1959, miaka michache baada ya vita vya Mau Mau, alichora michoro mitano mikubwa katika kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, lililojengwa kuwa kumbukumbu ya waumini waliouawa. Alimchora Yesu katika nchi ya Wakikuyu, miongoni mwa watu na vilima vyao. Ilikuwa vilevile kama Zaria: kuchukua hadithi iliyokuja na meli na kuiuliza ingekuwaje kama ingetokea hapa. Njau hakuhitaji kufundishwa hilo na Wanigeria. Swali lilikuwa limemfikia kwa njia yake. Alichokosa ni watu wa kuliuliza pamoja nao, na Chemchemi ikawa mahali hapo.

Mphahlele aliondoka baada ya miaka michache na kituo kikafifia. Mazungumzo yalihama tena. Mwaka 1965 Njau, mkewe Rebeka Njau aliyekuwa mwandishi wa tamthilia, na marafiki wachache wakiwamo mhariri na mshairi Jonathan Kariara, wakili Pheroze Nowrojee na James Kangwana wa utangazaji, walifungua mahali pao Nairobi. Wakapaita Paa ya Paa.

Msomaji wa Kiswahili haelezwi utamu wa jina hilo, lakini tulitazame kwa sababu limebeba mengi. Paa ni mnyama mwembamba wa porini, mwenye macho makubwa, ambaye wachongaji walimchonga kwa maelfu kwa ajili ya watalii mpaka akawa nembo ya kazi isiyo na roho. Kupaa ni kwenda juu. Jina lilikuwa linamwambia yule paa wa dukani aamke, apae. Njau aliwakataza wasanii kuiga, na alilikazania neno hilo kama imani: kuiga, alifundisha, ni kumlaza Mungu usingizi. Na neno paa lina maana ya tatu, ile ya nyumba. Chini ya paa hilo Waafrika, Wahindi na Wazungu walikaa kuzungumza juu ya picha na mashairi, katika mji uliokuwa umetoka juzi tu kwenye mitaa iliyotengwa kwa rangi za watu.

Baadaye Paa ya Paa ilihamia Ridgeways, nje kidogo ya jiji. Mwaka 1997 moto uliteketeza jengo na sehemu kubwa ya kazi zilizokusanywa kwa miongo mitatu. Wenyewe waliendelea, katika yaliyobaki.

Walichokwenda kukifanya wenyewe

Turudi Nigeria, kwa sababu kipimo cha kikao ni kile mtu anachokifanya akiwa peke yake baadaye.

Uche Okeke alikwenda kwa mama yake. Wanawake wa Kiigbo walikuwa na sanaa ya kujichora mwilini na kuchora kuta, inayoitwa uli, kwa maji ya tunda la mmea fulani. Yakikauka hugeuka meusi kwenye ngozi, kama piko, na baada ya siku kadhaa hufutika. Mchoro wa uli hauzibi mwili wote. Mkono unavuta mstari mwembamba, unaukunja mwishoni kama mche unaochipua, kisha unaacha nafasi kubwa tupu, na ile nafasi tupu nayo ni sehemu ya mchoro. Mama yake alikuwa anaujua ufundi huo. Mtoto mwenye stashahada ya sanaa aliketi akajifunza kwake, na mwaka 1962 alitoa mfululizo wa michoro ya kalamu na wino ambamo mstari wa mama na kalamu ya chuo havitenganishiki. Alipokwenda kufundisha Nsukka baada ya vita vya Biafra, wanafunzi wake, akina Obiora Udechukwu, waliendeleza mstari ule mpaka ukawa shule nzima ya uchoraji. Alifariki mwaka 2016.

Onobrakpeya alikutana na mkosi. Mwaka 1967 alitumia asidi isiyofaa kwenye mabamba yake ya zinki, yakalika vibaya, kazi ikaonekana imepotea. Hakuyatupa. Baadaye aliyaziba kwa gundi kali, akagundua kwamba bamba lililozibwa hivyo linaacha alama zenye kina na miinuko ambayo asidi peke yake isingeweza. Kutokana na ajali hiyo akabuni njia yake ya uchapaji. Mwaka 1998 alianzisha kwao, Agbarha-Otor, warsha ya kila mwaka ambapo wasanii hukaa pamoja, kufanya kazi na kuzungumza. Miaka 40 baada ya kikao cha kwanza, mzee alikuwa anakiitisha tena.

Grillo alipamba makanisa na majengo ya Lagos kwa vioo vya rangi, akalea wanafunzi wengi, na akawa rais wa kwanza wa Chama cha Wasanii wa Nigeria kilichoanzishwa mwaka 1963. Nwoko aligeukia ujenzi, akasanifu majengo yanayopumua bila mashine, na mwaka 2023 maonyesho ya usanifu ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Wengine hawakupewa muda. Vita vya Biafra viliwachukua au kuwatawanya: Okigbo, mshairi wa Mbari, aliuawa vitani mwaka 1967.

Kwa anayetaka kuanza

Msimuliaji wa historia hatakiwi kuhubiri, lakini nitakuwa sijasema ukweli nikificha kwamba nimeiandika hii nikiwa na wasomaji fulani moyoni: wachoraji wa Mwenge na wa Goma, washairi wa Lamu, vijana wa Kisumu wenye kamera moja kati ya watano.

Hamhitaji ukumbi. Mnahitaji watu ambao wanaweza kukaa mahali pamoja na kila mmoja akasikika, na swali ambalo linamuuma kila mmoja na hakuna anayejifanya amelijibu. Msikae wa aina moja. Asije mtu mikono mitupu: alete mchoro, alete neno alilomuuliza bibi yake, alete picha iliyomshinda. Mwangalie mlango wenu unamfungia nani. Pesa ikija, mjue imetoka wapi kabla hamjaipokea. Na tangu siku ya kwanza mwambiane kazi hii mtajua vipi kwamba imekwisha.

Hili la mwisho ndilo gumu kwetu. Tunaona kikundi kikifungwa tunasema kimekufa, na kwa kuogopa aibu hiyo tunaviburuza vikundi mpaka vinabaki mwenyekiti na daftari. Wafinyanzi wa Owerri hawakuona aibu. Walimaliza nyumba ya Ala, wakanawa udongo mikononi, wakarudi mashambani kwao, wakaiacha mvua ifanye yake. Hawakuwa na shaka kwamba siku ardhi itakapoita tena, kutakuwa na mtu kijijini anayekumbuka udongo unavyokandwa.